Ndio, Nimekaliwa

Wiki iliyopita nilishuka dukani kununua unga, hapa Zimmerman, asubuhi mapema. Nikapata wasee wawili tunajuana tangu nihamie hii mtaa. Mmoja akaniuliza mbona siku hizi sionekani base. Nikamwambia ukweli: niko na nguo za kufua, niko na chakula cha kupika, na saa nne kuna mazoezi ya mkono ya Bosi. Alicheka hadi akashika ukuta. "Buda, wewe umekaliwa chapati."

Mnajua hiyo stori. Dem anakalia chapati, anakupea, unakula, akili inayeyuka, kesho uko kwa bomba unafua nguo zake na watu wanakuangalia. Nilicheka pia. Nikalipa unga nikapanda ngazi. Lakini kufika ghorofa ya nne nilikuwa na hasira, na hii ndiyo hiyo hasira.

Bosi ni mpenzi wangu. Jina lake siandiki, alinikataza, na hilo la Bosi alijichagulia. Yeye ana miaka 23, mimi 22. Hatujaoana. Tulihamia pamoja tu, bedsita moja, bila pete, bila mahari, kama nusu ya watu wa hii ploti. (Na kabla mtu aanze: chuo niliacha mwaka wa pili, kabla sijamjua. Sikuacha masomo juu ya mapenzi. Niliacha juu ya karo na juu nilikuwa naboeka.)

Ilianza na kichwa, Machi mwaka jana. Kichwa na joto kidogo jioni, halafu asubuhi anaamka anaenda kazi. Kliniki ya kwanza wakasema malaria. Dawa ikaisha, kichwa kikabaki. Kliniki ya pili wakasema taifodi. Wiki ya tatu akaanza kutapika na kutaka pazia lifungwe mchana, mwangaza unamuumiza. Mimi nikamwambia apunguze simu. Hiyo nimeijutia sana. Halafu Alhamisi moja usiku akaniita kwa jina la kaka yake, akaniuliza kama nimefunga ng'ombe. Ng'ombe. Zimmerman, ghorofa ya nne. Nilidhani anacheza, hadi nikaona anangoja jibu.

Hospitali walitaka kutoa maji ya uti wa mgongo wayapime. Nesi akashika fomu akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema mpenzi wake. Akaangalia fomu, akaniangalia, akasema wanataka familia. Mama yake alikuwa Bungoma, na kwa simu akakataa kabisa, juu alisikia hiyo sindano inafanya mtu apooze. Huo uoga uko kila mahali, hata mimi nilikuwa nao. Daktari mmoja mpole akachukua simu yangu akamweleza polepole: sindano inaingia chini, karibu na kiuno, chini ya pale uti wenyewe unaishia. Mama akakubali. Lakini karibu siku nzima ilikuwa imeenda, na huu si ugonjwa wa kupewa siku bure.

Majibu: TB ya ubongo. Kwa usahihi, TB ya utando unaofunika ubongo. Na hakuwa amekohoa hata mara moja. Sisi wote tulisoma shuleni kwamba TB ni kikohozi, jasho la usiku na kukonda, basi. Hatukuambiwa kwamba hao bakteria wanaweza kutoka kwa mapafu wakasafiri na damu hadi kwa ubongo, na huko hawaji na kelele. Wanakuja na kichwa cha wiki tatu. Kenya iko kwenye orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa TB duniani, na bado sisi vijana tunaiongelea kama ugonjwa wa shosho wa zamani.

Alilazwa wiki sita. Mimi nilikuwa pale kila siku saa ya kuona wagonjwa, na kila siku kulikuwa na mtu mpya wa kuniuliza mimi ni nani wake. Kwa sheria mimi si mtu. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na ya "tulihamia tu" haimo. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mtu anaweza kuweka mume au mke na watoto chini yake. Mpenzi hana kisanduku. Silalamiki sana, sheria lazima ichore laini mahali. Nasema tu mjue. Kama unaishi na mtu, hakikisha yeye mwenyewe amesajiliwa, amelipa, na nambari ya mama yake iko kwa simu yako. Si mapenzi yatakayofungua faili saa nane usiku.

Halafu mama yake akafika Nairobi. Sisi tulijua atalala kwetu, amtunze akitoka. Mama akaingia, akaangalia hiyo bedsita: kitanda, pazia, jiko. Akauliza, "Na wewe kijana utalala wapi?" Nikamwambia hapa chini, na godoro. Akashtuka kweli kweli. Kwa Wabukusu mama mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja, haiwezekani, hata tatu ngumu. Kwa hivyo nikafukuzwa kwa nyumba ninayolipia kodi. Nililala kwa rafiki yangu mwezi mzima. Hospitalini sikuwa mtu wa familia, lakini kwa huyo mama, ambaye hajaona hata mbuzi mmoja kutoka kwetu, nilikuwa mkwe kamili wa kuheshimiwa hadi kutupwa nje. Sijawahi kufurahia kufukuzwa kama siku hiyo.

Sasa, kitu ambacho hakuna mtu aliniambia: siku ya kupewa ruhusa watu wanapiga makofi. "Amepona, Mungu ni mwema." Simu zinaacha kuita. Na ni hiyo siku ndiyo kazi inaanza.

Bosi alirudi na upande wa kushoto mnyonge, maana huo uvimbe ulikuwa umeziba mshipa mmoja wa damu. Tulipanda hizo ngazi amebebwa mgongoni. Maji yalikuwa yanampalia, tukafundishwa amezeshwe akiwa ameketi wima, na uji uwe mzito, juu kitu kizito kinashuka polepole na hakiponyoki kuingia kwa njia ya hewa. Wiki za kwanza tulimgeuza kitandani kila masaa mawili ili ngozi isichubuke. Kumvalisha shati kuna formula: mkono mnyonge unaingia kwanza, unatoka mwisho. Kwa ngazi pia: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mguu mnyonge unatangulia. Nimekaa darasani miaka miwili na sikumbuki kitu kimoja nilichofundishwa, lakini hizo mbili hata mkiniamsha usingizini nitawaambia.

Dawa ni mwaka mzima. TB ya mapafu huwa miezi sita, ya ubongo ni kumi na miwili: miezi miwili ya kwanza dawa nne, halafu miezi kumi dawa mbili. Hospitali za serikali zinapeana bure. Siku ya kwanza mkojo ukitoka rangi ya Fanta usiite ambulensi kama nilivyotaka kufanya, ni rifampicin hiyo. Na jambo ambalo hakuna mtu alituambia hadi tukauliza wenyewe: hiyo hiyo rifampicin inapunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, na pia kile kipandikizi cha mkononi. Kama uko na umri wetu na unatumia hizo dawa, muulize daktari wazi, hata kama mama ako hapo kwa kiti. Aibu ya dakika moja ni rahisi.

Majirani nao. Kuna mmoja alimrudishia Bosi kikombe akasema "kaa nacho tu". TB haishikwi kwa kikombe wala kwa sahani wala kwa salamu. Inapita kwa hewa, kutoka kwa mapafu ya mtu mgonjwa, na ya Bosi haikuwa kwa mapafu. Sisi tulioishi naye tulipimwa kifua, tukawa sawa. Nilimweleza huyo jirani mara mbili. Ya tatu nikanyamaza, nikaosha kikombe, tunakitumia hadi leo.

Lakini mkono na mguu ndiyo sehemu rahisi. Unaona mkono umelala, unaelewa. Kichwa ndicho kigumu, juu kwa nje anaonekana yuko sawa. Bosi alikuwa mtu wa kupanga kila kitu, ndiyo maana ya hilo jina. Akarudi anauliza swali moja mara sita. Anaanza kuchemsha maji anasahau, sufuria inaungua. Kelele za matatu za hapo chini zikimpata amechoka, analia. Na hasira! Huyu msichana hakuwahi kunipandishia sauti. Sasa alinirushia kijiko juu nimekata nyanya vibaya.

Siku moja, kama mwezi wa tatu hivi akiwa nyumbani, mama amerudi Bungoma na mimi nimerudi kwangu, aliniuliza mara ya saba kama tumelipa kodi. Nilikuwa nahariri video ya mteja, doo ya kwanza kwa wiki mbili, na laptopu imeganda. Nikampigia kelele. Si kidogo. Nikamwambia, "Kwani wewe huna akili?" Kwa mtu aliyekuwa na TB ya ubongo. Alinyamaza, akajifunika shuka. Mimi nikavaa viatu nikatoka, nikatembea hadi steji. Kulikuwa na gari ya kwenda mjini, makanga anaita, nafasi mbili zimebaki. Nilikuwa na simu, na pesa ya nauli, na hakuna cheti popote kinachosema ni lazima nirudi. Nilikaa kwa jiwe la hapo hadi gari tatu zikajaa zikaenda. Sikurudi juu ya kuwa mtu mzuri. Nilirudi juu nilikumbuka jiko.

Nimewaambia hiyo juu hamtaiona kwa video ya mtu yeyote. Kwa video tunaonyesha kukumbatiana.

Na hapa niseme yangu. Kabla ya hiyo siku nilikuwa nimemrekodi. Hatua zake za kwanza kwa koridoo, ameshika ukuta, mdomo umelegea upande mmoja, mimi nyuma ya kamera nasema "songa babe, songa". Nikaiweka na muziki wa huzuni. Ilipata watu wengi kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Watu wakalia, wakaniita mwanamume wa kweli, mmoja akanitumia elfu mbili, na kampuni fulani ikaniandikia. Nilidhani nimetusaidia sote. Miezi miwili baadaye, akili imeanza kutulia, Bosi akaiona kwa simu ya dadake. Aliitazama mara mbili. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Mimi nilikubali saa ngapi?"

Hakukubali. Hakuwa anaweza kukubali, hiyo wiki hakuwa anajua ni mwezi gani. Niliitoa usiku huo, na najua wengine walishaihifadhi, siwezi kuifikia huko ilipo. Elfu mbili nilikuwa nimeshatumia. Wenzangu wa hii kazi, mimi si wa kuwahukumu, lakini mgonjwa ambaye hawezi kukwambia "hapana" hajakwambia "ndio". Ukitaka kurekodi mazoezi ili therapisti aone, rekodi, mpelekee therapisti.

Tuliporudi kliniki nilimuuliza therapisti kuhusu hizo hasira, nikitarajia dawa. Akaniuliza mimi swali: kwa siku moja, ni vitu vingapi ninamfanyia ambavyo angeweza kujifanyia akipewa muda? Nikahesabu. Kumfunga vifungo. Kumkatia chakula. Kumjibia simu. Kumaliza sentensi zake. Ilikuwa karibu kila kitu, na kila kimoja nilifanya juu ya haraka yangu, nikakiita mapenzi. Ubongo ulioumia unajifunza kwa kurudia, mtu akikufanyia hurudii. Na wewe pia ungerusha kijiko kama mtu angekuwa anakumalizia sentensi siku nzima.

Kwa hivyo tukabadilisha. Kwa mlango kuna karatasi: jiko, funguo, dawa, simu. Kodi ikilipwa anaandika mwenyewe kwa daftari, tarehe na sahihi, akiuliza naelekeza kidole kwa daftari. Mambo magumu ni asubuhi, kabla kichwa kichoke. Mchana analala, redio imezimwa. Na mazoezi ya mkono wa kushoto, therapisti alisema atafute kitu anachopenda cha kukanda na kufinya. Akachagua unga.

Mnaona hii inaenda wapi. Kila siku saa nne, Bosi anakanda unga wa chapati kwa mkono wa kushoto. Mara ya kwanza ilichukua saa nzima na unga ulifika hadi kwa pazia. Mimi nilikaa juu ya mikono yangu, kihalisi, ili nisimsaidie. Zilitoka ramani ya Kenya, ngumu, nusu mbichi. Tulikula zote. Sasa zinakaribia mviringo. Huo unga niliokuwa nanunua siku ile ulikuwa wa hiyo kazi. Kwa hivyo yule msee wa dukani hakukosea sana, chapati zinahusika.

Lakini turudi kwa hilo neno lake, juu ndilo lililonitoa kwa nyumba. Kwa ile wodi, watu waliokuwa wanageuza wagonjwa, wanalisha, wanafua shuka kwa bafu ya hospitali, karibu wote walikuwa wanawake. Mama, dada, mabibi, binti wa darasa la nane aliyeacha shule wiki mbili kumlinda babake. Hakuna aliyewaambia wamekaliwa. Na hakuna aliyewaita mashujaa. Ilionekana ni kawaida, kama maji kushuka mteremko. Mimi nikifanya hiyo hiyo kazi, nusu ya watu wananicheka na nusu nyingine wananiandikia mimi ni mwanamume adimu. Hizo ni sauti mbili za kitu kimoja: kwamba hii si kazi yangu. Mkinisifu mnanichekea tu kwa adabu.

Sitaki makofi. Mnajua nilichotaka hiyo mwaka yote? Mtu akuje Jumamosi akae na yeye masaa mawili nilale. Rafiki yangu mmoja tu, yule aliyenilaza kwake, ndiye alifanya hivyo. Wengine walikuja na mandazi na mtihani: wanasimama mbele ya kitanda, "Unanikumbuka? Mimi ni nani? Sema basi, mimi ni nani?" Anaona aibu, anatabasamu, wakitoka analia. Ukienda kuona mtu kama huyu, taja jina lako ukiingia mlangoni. Ni rahisi hivyo. Halafu osha vyombo.

Swali ambalo mnaniandikia kwa siri, hasa madem, ni hili: je, ni lazima ukae? Hapana. Mimi nilikaa kwa lile jiwe, siwezi kumwambia mtu ni lazima. Kama huwezi, sema mapema, mwite mama yake, kabidhi dawa na kadi ya kliniki mkononi, eleza zinamezwaje, kisha uende. Kibaya ni kupotea pole pole. Kuacha kushika simu, huku dozi zinarukwa na hakuna anayejua. Dawa ya TB ikikatwa katikati ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, na kwa ubongo hakuna nafasi ya raundi ya pili ya kuchezea.

Sasa tuko mwezi wa kumi wa dawa. Anatembea hadi sokoni na kurudi. Hajarudi kazini, na sijui yule wa zamani aliyepanga kila kitu atarudi wote ama nusu. Kwa muda mrefu nilikuwa namngoja huyo. Huyu wa sasa ni mkali zaidi, ananicheka zaidi, na hapendi tena ngoma nilizodhani ni zetu. Tunazoeana.

Hii makala amesoma mwenyewe, siku mbili, asubuhi kidogo kidogo, kidole kwa mstari. Ile ya steji hakuwa anajua. Aliifikia jana, akanyamaza, akaendelea kusoma. Leo ameniambia iachwe. Amefuta paragrafu moja, nyingine kabisa, na ameniambia chapati si ramani ya Kenya, ni ya Uganda.